Nyeusi au kromu kwa pikipiki yako ya Boxer?

Ukipeleka Boxer yako kwa mafundi wa Kisekka, Kampala, ukitaka irembeshwe, swali ni hilo: nyeusi au kromu?

Kromu inang'aa, hilo halina ubishi. Lakini ni utando mwembamba tu juu ya nikeli. Utando huo ukipata kitundu, maji hupenya na kutu huanzia chini kabla hujaiona. Ikianza kubanduka, msasa na rangi haviirudishi. Lazima ichovywe upya kwa umeme. Na shingo ya ekzosi, pale inapotoka kwenye injini, hugeuka ya dhahabu kisha bluu kwa joto. Wapo wanaoipenda hiyo bluu. Mimi simo.

Nyeusi haina makuu. Mwenzako akiikwaruza stejini, pale bodaboda zinaposubiri abiria, kopo la rangi ya kupuliza linatosha, ila kwa ekzosi nunua ile inayostahimili joto, la sivyo itababuka upesi. Ubaya wake ni vumbi letu jekundu: umeosha asubuhi, saa nne tangi lote limekuwa udongo. Nyeusi isiyong'aa huficha mikwaruzo, lakini doa la grisi hung'ang'ania.

Yangu ni nyeusi kote. Vioo tu ndivyo nimeviacha na kromu.