Dawa ya vumbi ya chumvi kwa barabara za mgodini: nyota nne, ila tengeneza mitaro kwanza

Wengi wanauliza kama hii magnesiamu kloraidi inafaa au ni biashara tu, sisi tumeimwaga barabara ya malori kutoka shimoni mpaka krasha (mashine ya kuvunja mawe) kwa hiyo nasema nilichokiona.

Inafanya kazi. Ni chumvi inayovuta unyevu wa hewani, barabara inabaki na unyevu yenyewe, asubuhi unakuta uso umekolea rangi utadhani boza la maji limepita sasa hivi na wala halijapita. Zamani lori likitangulia, la nyuma linawasha taa mchana kweupe na bado dereva haoni tuta la pembeni. Hilo limeisha. Wa krasha ndo bado wanalia, maana dawa ni ya barabara, pale mawe yanapovunjwa unataka nozeli za maji na kufunika mkanda unaobeba mawe, na vumbi la mwamba wenye madini ya silika si la kuchezea, lile laini usiloliona ndo linafika ndani kabisa ya mapafu na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haiponi.

Sasa kitu ambacho muuzaji hakwambii: chumvi inayeyuka. Kipande chetu cha juu kina mgongo katikati, kinalala asilimia 3 mpaka 4 kwenda pembeni, mvua imepiga na dawa bado ipo. Kule chini kwenye kona greda liliacha tuta refu la udongo bila kukatwa hata upenyo mmoja wa maji kutokea, basi mvua ya kwanza tu barabara ikawa mfereji, mashimo, tope, dawa yote kwaheri. Dawa ni ileile jamani, mwagaji ni yuleyule!

Na maji safi yanayoshuka mlimani yakatwe huko juu kwa mtaro yapite zake, machafu peke yake ndo yaende bwawa la kutulizia tope, mkichanganya bwawa linajaa haraka na linamwagika kabla tope halijatua. Halafu bwawa linashusha tope tu, chumvi iliyoyeyuka haitui, inapita hadi mtoni, kwa hiyo kipande kinachomwaga maji moja kwa moja kwenye mto mimi nisingekiwekea kabisa, hapo boza liendelee.

Nyota niliyokata ni ya kutu. Inakula chuma, chasisi zisipooshwa mtaona. Pia kwenye hewa kavu sana haina cha kuvuta, na mkizidisha kipimo barabara inateleza vibaya ikinyeshewa, kwenye mteremko na lori limejaa mzigo hiyo ni ajali.

Wakati wa kumwaga kwaruzeni uso kwa greda, lowesheni kidogo, mwageni nyembamba mara mbili badala ya nzito mara moja, kisha shindilieni. Wingu likitanda ahirisheni tu.