FamilySearch: Kufuatilia ukoo wa wakili na jaji wa mji mdogo

Huduma ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo inayotolewa bila malipo na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, inamfaa sana anayefuatilia ukoo wa wakili wa mji mdogo wa Marekani aliyekuja kuwa jaji, kwa kuwa mtu wa kazi hiyo huacha maandishi mengi kuliko majirani zake. Sensa ya mwaka 1850, ya kwanza nchini humo kuandika jina la kila mtu huru katika kaya, hutaja pia kazi za wanaume waliozidi miaka 15.

Hata hivyo, hazina kubwa imo katika majalada ya mirathi ya kaunti, ambamo wosia unaweza kumtaja mke, watoto, wakwe na hata mwana aliyeachiwa vitabu vya sheria vya baba yake. Mengi ya majalada hayo ni picha za kurasa zisizo na faharasa ya majina, na baadhi hufunguka tu katika vituo vya kanisa hilo au maktaba shirika. Asiye na subira atachoka mapema.

Mti wa ukoo wa pamoja, unaojengwa na watumiaji wa huduma hii, siuamini sana, kwani yeyote aliyejisajili anaweza kuubadilisha. Sensa ya 1890, iliyopotea karibu yote kufuatia moto wa mwaka 1921, si kosa la huduma hii, na kwa familia ya jaji kumbukumbu za mahakama na za ardhi huziba sehemu ya pengo hilo.