Ufadhili wa hisani kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari wa vijijini Dodoma: mfuko mzuri unautambuaje

Kwa kijana wa Bahi, Chemba au Mpwapwa aliyefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia, mfuko wa hisani unaosomesha uuguzi ni huduma tunayoipendekeza kwa moyo wote. Ila usiupime kwa ada peke yake. Pima hela inatoka lini, na nani ananunua vile vitu vidogo visivyokuwemo kwenye risiti ya chuo.

Vyuo vingi hufunguliwa Oktoba au Novemba, na muhula wa pili huanza kama Machi. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mtama, uwele na alizeti huvunwa kuanzia Mei. Maana yake chuo kinadai mara mbili, na mara zote mbili nyumbani hakuna kitu: Oktoba kilichobaki ni mbegu, Machi ndiyo njaa yenyewe. Mfuko unaomwambia mzazi atangulize kisha arudishiwe haumfai mkulima wa huku, hata ukiwa na hela nyingi kiasi gani.

Chuo cha serikali hulipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mfadhili akituma hela benki bila namba hiyo, au namba ikiwa imeisha muda, mfumo unaendelea kumsoma mwanafunzi kuwa anadaiwa, na siku ya mtihani anazuiwa mlangoni wakati hela yake iko njiani. Uliza mapema: nani anaomba namba, nani anafuatilia risiti?

Sasa wodini. Mwanafunzi wa uuguzi anahitaji sare, viatu vya kufunika, stetoskopu, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Saa hiyo si pambo: bila mshale huo hahesabu mapigo ya moyo wala matone ya dripu, na simu haitolewi mfukoni ukiwa umevaa glavu. Kuna pia chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Ianze muhula wa kwanza, kabla hajashika sindano ya mgonjwa. Mfuko unaolipia dozi moja tu umemwacha nusu ya njia.

Kasoro kubwa zaidi ni kukata ufadhili mtu akifeli somo moja. Aliyetoka sekondari ya kata isiyo na maabara anakutana na anatomia kwa Kiingereza muhula wa kwanza kabisa; kuteleza hapo ni jambo la kutarajiwa. Mfuko unaolipia mtihani wa marudio na masomo ya ziada tunauweka juu ya unaotoa posho nono.

Soma vizuri pia kipengele cha kurudi kijijini. Ajira za zahanati za serikali hupangwa na serikali, kwa hiyo kumfunga kijana kwa mkataba wa kufanya kazi kijijini kwao ni kumfunga kwa jambo lisilo mikononi mwake. Sharti linalotekelezeka ni la mfuko wenye makubaliano na hospitali inayoajiri yenyewe, kama zile za makanisa. Mvumi, wilayani Chamwino, kuna hospitali ya Kianglikana na chuo chake pamoja.

Kwa udaktari hesabu ni nyingine. Ni miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo), na mifuko midogo huishiwa katikati. Mwombaji aombe pia mkopo wa serikali kwenye Bodi ya Mikopo, hisani ijazie chakula, nauli na vifaa. Wa stashahada naye asiipite Bodi: tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha baadhi ya fani zao, za afya zikiwemo.

Nyaraka ziandaliwe matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu: barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili), na cha kifo kama mzazi alishafariki. Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mazengo na cha shule Masengo, fomu inarudi, na marekebisho huchukua wiki ambazo Septemba hazipo. Tofauti ya majina ipeleke kwa wakili mwezi Februari.