Uzoefu wangu: nilipoambiwa nirudishe taimushea ya zamani nichukue mpya

Nianze na bangili, maana ndizo zilizonifumbua macho.

Mwezi ule kampuni ya taimushea, yaani wiki yetu ya mapumziko kule Tenerife, iliponitafuta na "ofa ya kubadilisha", nyumbani kulikuwa na harusi ya binti wa dada yangu. Nikatoa bangili zangu mbili za zamani nikazipeleka kwa sonara, Mjini. Hakuniuliza nilizinunua lini wala kwa bei gani. Akavibandua vile vijiwe vyekundu, kimoja kimoja, akaziweka kwenye mizani, namba ikacheza kidogo halafu ikatulia: gramu 38.4. "Mawe siyahesabu, mama, unajua." Akapiga hesabu kwa bei ya siku ile, akaniandikia kwenye kikaratasi, akanisogezea. Baada ya hapo ndipo alipotoa mpya: uzito wake huu, ujira wake huu, utaongeza hiki. Robo saa, tumemalizana. Kila mwanamke wa hapa Unguja anaijua biashara hii, hata asiyejua kusoma hapunjwi kirahisi.

Biashara ya pili, ya taimushea, ndiyo iliyonikalisha niandike.

Mie na mume wangu tulikaa Uingereza miaka mingi. Mwaka 2003 tukaenda mapumziko Tenerife, kisiwa cha Uhispania lakini kimekaa huku Afrika, mkabala na Moroko. Tunatembea Playa de las Américas, kijana akatupa kadi za kukwangua. Ya mume wangu patupu. Yangu, zawadi kubwa! Aliyepita pwani ile miaka hiyo anaijua kadi yenyewe, na anajua kwamba zawadi huichukulii pale, unaifuata hotelini, baada ya "mazungumzo ya saa moja na nusu". Sisi tulikaa saa tano. Tuliingia na kadi, tukatoka na wiki.

Kwa asiyejua, taimushea ni nyumba ya mapumziko inayouzwa vipande vipande kwa wiki za mwaka, kila mtu na yake. Yetu ilikuwa wiki ya 34, mwishoni mwa Agosti, wakati skuli za Uingereza zimefungwa. Vyumba viwili, paundi 7,500, mkataba mpaka mwaka 2050. Juu ya hapo, kila mwaka, uende usiende, kuna ada ya matunzo: bwawa, rangi, walinzi, taa za ngazini. Tulianza kulipa paundi 285. Mwaka wa mwisho ilikuwa 790.

Sitasema uongo, miaka ya mwanzo tuliifaidi. Watoto wangu wamejulia kuogelea pale. Mchanga wa kule mwingi ni mweusi, wa volkano, na kuna ufukwe mmoja, Las Teresitas, mchanga wake wa rangi ya dhahabu uliletwa kwa meli kutoka Sahara miaka ya 1970. Mume wangu ni mtu wa Makunduchi, pwani ya Unguja. Alipohadithiwa hayo alicheka mpaka akakaa chini. "Mchanga! Watu wanaagizia mchanga!" Mwaka mwingine tuliiweka wiki yetu RCI, kampuni ya Marekani ya tangu 1974 ambayo wenye wiki hubadilishana kupitia kwake, tukapata nyumba Ureno. Wiki kama ile ya Agosti waliiweka daraja nyekundu, yaani ile inayogombaniwa, kwa hivyo haikutusumbua kupata ya kubadilishana.

Halafu tukarudi nyumbani, Mbweni. Ikawa mie hapa napigwa na upepo wa bahari bure, Wazungu wanapanda ndege usiku kucha kuja kulala Paje, na kila Januari natuma paundi mia saba na kitu kutunza bwawa la Tenerife ambalo sijaliona miaka minne.

Kwa hivyo kampuni iliyotuuzia wiki iliponiambia kuna mpango wa kurudisha wiki za zamani, nilifurahi kwelikweli. Tuliongea kwa video. Msichana mwenyewe mchangamfu, ila ananiita jina langu kavu kama tuliosoma darasa moja. Umeme ukakatika katikati, akapiga tena kabla jenereta ya jirani haijawashwa. Ofa ilikuwa hivi: narudisha wiki ya 34, wao wanaihesabu paundi 6,000. Nachukua pointi za paundi 10,900. Naongeza 4,900. Pointi zinatumika kwenye hoteli zao zote, siku yoyote, hata kwa usiku mbili tatu, na mkataba wake ni wa miaka 15 tu.

Ukisikiliza haraka, ni neema. Kitu ulichokitumia miaka 20 kinahesabiwa karibu na bei uliyonunulia! Nikamkumbuka sonara. Nikamuuliza: "Mtu asiye na wiki, akizitaka pointi hizi hizi, analipa ngapi?" Akasema ofa hiyo ni ya wamiliki tu. Nikauliza mara ya pili, akaniambia atanirushia brosha.

Binti yangu yuko London. Nikamwambia awapigie kama mteja mpya. Bei ya kwanza 10,900. Aliposema atafikiria, ikashuka. Kabla hajakata simu ilikuwa 6,500, "kwa leo tu".

Basi hesabu ni hiyo. Mgeni asiye na kitu mkononi analipa 6,500, mie mwenye wiki naambiwa 4,900. Wiki yangu imehesabiwa paundi 1,600, siyo 6,000. Wamepandisha bei ya kipya ili cha zamani kionekane kizito. Sonara akikufanyia hivyo habari zake zinafika sokoni Darajani kabla hujafika wewe.

Ila niwe mkweli tena. Hata hiyo 1,600 ni zaidi ya bei ya sokoni. Wiki za jengo letu nimeziona zimetangazwa paundi moja, na hazina mnunuzi, maana anayeichukua anaichukua pamoja na ada. Na usije ukamsikiliza anayekupigia kwamba ana mnunuzi tayari, utume kwanza ada ya kuandikisha. Mimi walinipigia watatu mwaka mmoja, kila mmoja na mnunuzi wake.

Sasa, je, mpango kama huu unamfaa nani? Kampuni unaifaa sana, na sioni ubaya wowote kulisema. Wiki ya 34 kwangu mie wa Mbweni haina uzito, kwao inao. Vyumba viwili Agosti, wanampangisha mgeni wa hoteli kwa bei nzuri, au wanaigeuza pointi wakaiuza upya. Na kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Wamiliki wa miaka ile tumezeeka. Mmoja kafa, mwingine kaacha kulipa, na gharama ya bwawa haipungui kwa sababu mtu kafa, inawaangukia waliobaki. Ada inapanda, wengine wanakimbia, inapanda tena. Kampuni yenye akili inahitaji mlango wa kuwapokea wanaoondoka kwa utaratibu.

Mmiliki naye anaweza kufaidika, na kilichonivutia mie hasa si pointi, ni ile miaka 15. Mwaka 2050 nitakuwa na miaka 88, Mungu akinipa. Na sisi Waislamu mtu akifa, deni linatolewa kabla mirathi haijagawiwa. Sikutaka siku hiyo watoto wangu wakae na kadhi wanabishania bwawa la Tenerife. Mwanangu wa kiume alishaniambia, "Mama, niachie hata deni la duka la Mpemba, hiyo wiki usiniachie."

Kwa hivyo nikawapa ofa yangu. Chukueni wiki bure, msinihesabie hata senti. Nipeni pointi nusu ya hizo, kwa miaka 10, bila kuongeza pesa, na ada yake nitalipa. Ningekwenda nikiwatembelea wajukuu, siku tatu nne, inatosha. Wangekuwa wamepata wiki ya Agosti na mlipaji wa ada asiyechelewa. Wakakataa: lazima kuwe na mauzo. Mshahara wa muuzaji uko kwenye ile 4,900, hauko kwenye miaka 10 ya ada yangu, na hapo ndipo naona mipango hii inapoharibika, kwa mwenye wiki na kwa kampuni pia. Wamenikosa mie mzima kwa kukimbilia malipo ya mwezi.

Si kila kampuni inafanya hivi. Marriott walipoanzisha pointi mwaka 2010 waliwaruhusu wenye wiki za zamani kujiunga kwa kulipa ada, bila kuikabidhi wiki yenyewe. Hiyo naiona ya uungwana zaidi. Usipoipenda, chako bado kiko mkononi. Kwangu walitaka nikabidhi kwanza.

Nilichofanya mwishowe, niliandika barua nikaomba kutoka kabisa. Wakajibu kwamba inawezekana, nilipe ada ya miaka miwili: paundi 1,580. Mume wangu alinuna, "tunawalipa watu ili wachukue mali yetu!" Nikalipa. Barua ya kutolewa ilichukua miezi mitatu, na katikati wakanitumia bili ya mwaka mpya kama kawaida, ikabidi niandike tena. Mlango ulikuwepo muda wote. Hakuna aliyenitajia mpaka nilipoutaja mwenyewe.

Mpango wa kubadilisha naupa nyota mbili, moja ya ile miaka 15 na moja ya msichana, ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Ukiitwa, usizungumzie kipya mpaka cha zamani kimeandikiwa bei peke yake kwenye karatasi, na mtume mtu aulize bei ya mgeni. Ukishasaini ukajuta, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2008 inakupa siku 14 za kujitoa kwenye mkataba mpya wa taimushea, na ndani ya siku hizo hawaruhusiwi kukuchukulia hata malipo ya awali. Mie nilisaini siku ile ile ya 2003 nikiwa na njaa, mtoto analia.

Naandika haya pia kwa sababu ya mpwa wangu. Anajenga fleti sita pwani ya mashariki na anataka kuziuza kwa wiki. Juzi kaniletea rasimu ya mkataba nimsomee, tumekaa barazani na kahawa. Ukurasa wa tatu, muda wa umiliki: milele. Nikamwambia, baba, ardhi yenyewe ya Zanzibar ni ya Serikali tangu Mapinduzi, wewe mwenyewe umekodishwa kwa miaka. Hiyo milele unayowauzia watu umeitoa wapi? Kaichukua rasimu yake, kasema anairudisha kwa wakili.