Adiantum ndani ya cryptsetup: mapitio kwa wenye prosesa zisizo na AES

Cryptsetup ni programu ya Linux ya kusimba diski. Kwa kawaida hutumia saifa (njia ya kusimba data) ya AES; Adiantum ni saifa mbadala kwa prosesa zisizo na maagizo maalumu ya AES. Kabla ya lolote, andika amri hii kwenye mashine yako:

`grep -m1 -iw aes /proc/cpuinfo`

Ikirudisha mstari, prosesa yako ina maagizo ya AES na huna haja ya kuhangaika: baki na aes-xts-plain64 (AES katika mtindo wa XTS) ambayo cryptsetup huichagua yenyewe. Ikinyamaza, kama inavyonyamaza kwenye Raspberry Pi zote hadi Pi 4, basi Adiantum inakuhusu. Pi 5 ndiyo ya kwanza katika ukoo huo kuja na maagizo hayo.

Saifa hii ni kazi ya Paul Crowley na Eric Biggers wa Google, na walengwa wake wa kwanza walikuwa simu za bei ya chini zenye prosesa ya Cortex-A7. Hadi Android 9, simu ambayo AES yake ilikuwa nzito mno iliruhusiwa kuingia sokoni bila kusimba data ya mwenyewe. Android 10 ikaufuta msamaha huo. Awali Google walielekea kwenye saifa ya Speck, iliyobuniwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Iliingia kwenye kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux mwaka 2018, ikapigiwa kelele, ikatolewa mwaka huohuo. Adiantum ikafuata kwenye kerneli 5.0, Machi 2019. Kwa kuwa dm-crypt, sehemu ya kerneli inayosimba diski, hutumia saifa zilizomo kwenye kerneli, sisi wa LUKS (muundo wa diski zilizosimbwa ambao cryptsetup huuandaa) tukaipata pia.

Kasi yake ni ya kweli. Kwenye Cortex-A7, wabunifu walipima mizunguko 10.6 ya prosesa kwa kila baiti kwenye sekta ya baiti 4096, takriban mara tano ya kasi ya AES-256-XTS. Piga hesabu kwa kiini kimoja cha GHz 1.2: kama MB 113 kwa sekunde, dhidi ya kama 22. Mashine yako ipime hivi:

`cryptsetup benchmark -c xchacha12,aes-adiantum -s 256`
`cryptsetup benchmark -c aes-xts -s 512`

Vipimo hivyo hufanyika kwenye kumbukumbu tu, diski haiguswi. Pi 4 inayosoma microSD ina kikomo cha MB 50 kwa sekunde kwenye njia ya kadi yenyewe, kwa hiyo huko utakachookoa zaidi ni jasho la prosesa. Ni kwenye SSD ya USB 3.0 ndipo tofauti inapoonekana wazi.

Kuiweka ni mstari mmoja, nao hufuta kila kilichomo kwenye partisheni:

`cryptsetup luksFormat --type luks2 -c xchacha12,aes-adiantum-plain64 -s 256 --sector-size 4096 --pbkdf-memory 262144 /dev/sda2`

Kila kipande hapo kina sababu yake. Ufunguo ni biti 256. Waliozoea XTS huandika 512, kwa kuwa XTS huugawa ufunguo mara mbili. Hapa kerneli itaukataa. Sekta ya 4096 si pambo: XChaCha12, saifa iliyo ndani ya Adiantum, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, lakini kila sekta, iwe ndogo au kubwa, hulipia pia mwito mmoja wa AES na gharama nyingine zisizopungua. Ukiacha 512, unalipa mara nane kwa data ileile. Sharti lake ni kwamba ukubwa wa partisheni ugawanyike kwa 4096, na mfumo wa faili usiwe na bloku ndogo kuliko hapo. Ext4 ya zamani yenye bloku za 1024, ukiihamisha kwa dd, haitafunguka.

Kipande cha --pbkdf-memory ndicho kinachosahaulika. Argon2id ya LUKS2, inayogeuza nywila kuwa ufunguo, huweza kudai hadi GiB 1 ya kumbukumbu. Diski iliyoandaliwa kwenye kompyuta yenye RAM ya kutosha, kisha ikachomekwa kwenye Pi Zero 2 W yenye MB 512, itagoma kufunguka hata nywila ikiwa sahihi. 262144 ni KiB, yaani MiB 256.

Cryptsetup ikikuambia uhakikishe kwamba kerneli inakubali saifa hiyo, soma dmesg (ujumbe wa kerneli). Maneno "Error allocating crypto tfm" maana yake moduli haipo. Kwa diski ya mfumo, tatizo hilo hujitokeza mashine inapowaka, kwa sababu initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia) haikubeba moduli. Majina ya moduli hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo usinakili orodha ya mtu: endesha benchmark, kisha

`lsmod | grep -e adiantum -e chacha -e nhpoly`

Yaliyotokea yaandike kwenye /etc/initramfs-tools/modules pamoja na dm-crypt, halafu `update-initramfs -u`. Na /boot iache bila kusimbwa. GRUB, programu ya kuwashia mfumo, haiijui Adiantum.

Upande wa usalama, kuna faida ambayo XTS haina: biti moja ikibadilika, sekta nzima hubadilika, si bloku ya baiti 16 peke yake. Anayechokoza diski hawezi kulenga sehemu ndogo. Ila usidanganyike, hakuna uthibitisho wa data hapa: sekta ya jana ikirudishwa mahali pake leo, hakuna kitakacholia. Mizunguko 12 ya ChaCha, yaani mara ambazo saifa hiyo huichanganya data, huwatia watu wasiwasi. Adiantum ilipobuniwa, mashambulizi yaliyochapishwa yalikuwa yamefika 7. Asiyeridhika aandike xchacha20 na akubali kupoteza sehemu ya kasi.

Mwenye prosesa ya AES anayetaka sifa hiyo ya sekta nzima ajaribu aes-hctr2-plain64, iliyoingia na kerneli 6.0. Amri ni ileile, jina tu ndilo linabadilika.