Maji ya moto yapo, rejeta za baridi: fundi aliyekataa kufungua boila

Ninaandika nikiwa bado na hasira. Kampuni ninayoilipa kila mwezi hapa Leicester, Uingereza, ili initunzie boila, mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, ilinitumia, msimu wa baridi uliopita, fundi aliyeingia jikoni, akafungua bomba la sinki, akakinga vidole kwenye maji na kutamka kwamba boila ni nzima. Wakati huo rejeta zote za nyumba, yaani yale mabamba ya ukutani yanayopitisha maji ya moto ili vyumba vipate joto, za chini na za ghorofani, zilikuwa za baridi.

Boila yangu ni kombi, haina tangi. Ndiyo inayopasha maji ya bombani na ndiyo inayopasha yale yanayozunguka kwenye rejeta, na ndani yake mna vali ya njia tatu inayoamua joto liende wapi. Mtu akifungua bomba la moto, vali hugeukia huko. Akilifunga, hurudi upande wa rejeta. Kwa hiyo maji ya moto yakitoka vizuri, tumekwisha kujua kwamba gesi inafika, moto unawaka na pampu inasukuma. Kinachobaki kuchunguzwa si kingi: themostati ya ukutani (kidude cha kupangia joto la nyumba), saa ya kuwashia, nyaya zake, na vali hiyo. Maji yale yalipaswa kuwa mwanzo wa uchunguzi. Yeye aliyafanya kuwa mwisho wake.

Nilimweleza nilichokiona. Nikipandisha themostati, boila iliwaka, ikanguruma kidogo, ikazimika, kisha ikaanza upya. Laiti ubovu ungekuwa wa themostati, isingewaka kabisa. Geji ya shinikizo la maji ilisoma baa 1.3, kiwango cha kawaida. Nikamwomba ashike bomba la shaba linalotoka chini ya boila kwenda kwenye rejeta, kwa sababu lilikuwa la baridi ilhali moto unawaka juu yake. Hakulishika. Alikuwa akiandika kwenye simu.

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutuona, alikuwa ameketi mezani amejitanda khanga juu ya koti. Fundi akamtazama, akatabasamu, akasema kwamba watu wa nchi za joto huona baridi hata mahali pasipo na baridi. Mama ni mtu wa Lushoto. Amekulia milima ya Usambara, ambako mwezi wa Julai watu huamka wakaota moto. Baridi anaijua vizuri, na alikuwa akitetemeka. Aliponiuliza, “Mwanangu, anasemaje?” nilimjibu kwamba fundi ataleta vifaa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kitambulisho chake kilikuwa halali. Nilikikagua mbele na nyuma: amesajiliwa na Gas Safe Register, daftari linalosimamia mafundi wa gesi hapa Uingereza tangu 2009, na nyuma yake imeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya, boila zikiwemo. Mimi siruhusiwi kulifungua lile kasha la boila. Yeye anaruhusiwa, analipwa kwa kazi hiyo, na hakutoa hata bisibisi kwenye mkoba.

Baada ya kulalamika kwa simu na kusubirishwa sana, alikuja fundi mwingine wa kampuni hiyohiyo, na haki yake lazima niiseme. Alimsalimu mama kwanza. Akashika lile bomba la shaba kabla sijamaliza sentensi, akafungua kasha, akaondoa mota ndogo ya vali na kuisukuma pini yake kwa kidole gumba. Haikusogea. Alipoitoa vali, ilikuwa imejaa tope jeusi la kutu ya rejeta, limeigandisha upande wa maji ya bombani. Akaweka mpya, akajaza maji, akatoa hewa, na rejeta ya korido ikaanza kupata joto kuanzia kwenye bomba lake. Akashauri tuweke kichujio cha sumaku ili tope hilo lisirudi. Katika tathmini hii ya huduma yao nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja. Kwa ajili ya bwana huyu nikapandisha hadi nne.

Kisha nikafungua ripoti zao. Ya ziara ya kwanza inasema hakuna hitilafu iliyoonekana na kwamba mteja ameelekezwa namna ya kutumia themostati. Hakunielekeza chochote! Na maneno hayo bado yamo kwenye kumbukumbu za nyumba yangu, kana kwamba ile vali iliyotolewa haikuwahi kuganda. Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na nimewaandikia nikiinukuu, nikidai ripoti irekebishwe na mama aombwe radhi kwa maandishi. Basi nimeshusha hadi nyota mbili, zote za fundi wa pili. Mkataba unakaribia kwisha, na kama ningehakikishiwa kwamba atakuwa anakuja yeye, huenda ningeuhuisha. Lakini wameniambia kwamba mteja hachagui fundi.