Hekalu la Taktsang, Bhutan: kupanda kunalipa, bei inauma

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama: viza ya Bhutan dola 40, kisha ada ya serikali dola 100 kwa kila mtu kila usiku. Hoteli na mwongozaji ni hesabu nyingine. Watoto wa miaka 6 hadi 12 hulipa nusu ya ada.

Hekalu la Taktsang, la mwaka 1692, limeng'ang'ania mwamba juu ya bonde la Paro, kama mita 3,120 kutoka usawa wa bahari. Kosa la kawaida ni kulipanda siku ya kwanza. Hewa nyepesi huleta maumivu ya kichwa. Lala bondeni siku mbili kwanza, kisha uondoke alfajiri. Farasi humfikisha mtu mkahawani tu, nusu ya njia, na kushuka ni kwa miguu. Karibu na mwisho kuna mamia ya ngazi: unateremka hadi kwenye maporomoko ya maji, halafu unapanda tena. Magoti hulalamika hapo. Simu na kamera huachwa mlangoni. Vaa suruali na shati la mikono mirefu.

Jioni agiza ema datshi, ila ujue pilipili humo ndiyo mboga yenyewe, jibini ndiyo mchuzi.

Ndege za uwanja wa Paro hutua mchana tu, rubani akiona bonde kwa macho. Mawingu yakishuka, safari huahirishwa; usipange kuunganisha ndege nyingine siku hiyo hiyo.